Siku Tuliyofagia Pwani

Saa mbili na dakika ishirini asubuhi, mahali njia ya kwenda Moa inapoachana na njia ya kijijini kwetu, niliona moshi ukipanda upande wa baharini. Saa naikumbuka kwa sababu mwezi ule nilikuwa nimenunua saa ya mkononi, ya kwanza maishani, katika duka la Ngamiani, mjini, ambalo miaka michache kabla lilikuwa likiuza chumvi na viberiti tu, tena kwa foleni. Nilikuwa naitazama saa ile mara nyingi kuliko nilivyohitaji.

Moshi ulikuwa mzito, wa makuti mabichi. Nilishuka kwenye baiskeli nikasimama. Bwana misitu alitarajiwa saa nne kamili. Alikuwa anakuja kuhesabu minazi iliyoangushwa na bahari, na barua yake, yenye muhuri, ilikuwa mfukoni mwangu. Sikujua bado kilichokuwa kinaungua.

Ili mambo yaeleweke, lazima niseme kwanza shamba lilivyokuwa.

Babu yangu mzaa mama aliacha minazi arobaini, safu nne za minazi kumi kumi, kati ya nyumba na pwani. Safu ya kwanza ilikuwa jirani ya maji, ya nne ilikuwa karibu na kisima. Mbele ya pwani, kwenye mdomo wa kijito, kulikuwa na mikoko minene kiasi kwamba tukiwa wadogo tulikuwa tunasikia bahari bila kuiona. Mawimbi yalivunjikia huko ndani, na maji yaliyotufikia yalikuwa yamekwisha kuchoka.

Kwetu mtoto akizaliwa, kitovu chake kikianguka kilizikwa kwenye shina la mche wa mnazi uliopandwa kwa ajili yake. Babu aliacha mapengo katika safu zake kwa kusudi hilo. Mama alizaa watoto watatu. Wawili walikufa wadogo, nikabaki mimi. Lakini minazi yao iliendelea kukua na kuzaa, na pale nyumbani iliitwa kwa wenyewe. Mama akitaka nazi za mchuzi alikuwa anasema, "Nenda kaangue kwa dada yako," nami nilikwenda safu ya pili, mnazi wa nne, bila kuona ajabu yoyote. Akitaka kumwelekeza mgeni kisimani, alisema apite kwa mwanangu huyu, akate kushoto. Mnazi wangu ulikuwa wa kwanza katika safu ya nne. Ulikuwa umepinda kidogo chini, na mpindo ule ndio uliokuwa kiti changu. Nilijifunza kusoma nikiwa nimeukalia, mgongo kwenye shina, na nikisikia kuti kavu linaachia juu nilijua kwa mlio wake kama litaangukia kwangu au kwa jirani.

Baba alikuwa msimamizi wa wakata mkonge katika shamba moja kubwa. Kazi yake ilikuwa kuhesabu mizigo, majani thelathini kwa mzigo, na kuandika. Bei ya mkonge ilipoanguka, shamba likafungwa, mashine zikaota kutu, akarudi nyumbani na vitu viwili: kamba ya mkonge ndefu aliyoisuka mwenyewe, na daftari lisiloandikwa. Alifariki mwaka wa pili baada ya kurudi. Vile vitu viwili nikarithi mimi.

Niliishia darasa la saba. Nilipofika umri wa kujitegemea nilipata kazi Ngamiani, katika duka la vifaa vya ujenzi, kupima misumari kwa kilo na kuifunga kwenye magazeti ya zamani. Biashara zilikuwa zimefunguliwa. Bati, saruji, rangi, vitu tulivyokuwa tumevisahau, vilirudi rafuni, na watu waliingia dukani kuvishika tu kisha wakatoka. Mimi nilisoma magazeti kabla ya kufungia. Karibu yote niliyoyajua wakati ule niliyasoma vipande vipande, mara nyingi bila kupata mwisho wa habari, maana mwisho ulikuwa umeshakwenda na misumari ya mtu.

Katika miaka ileile ya biashara kufunguliwa, mfanyabiashara mmoja wa mjini alipata leseni ya kufyeka mikoko kwenye mdomo wa kijito chetu ili afungue shamba la chumvi. Boriti aliziuza, na matawi aliyachoma. Ndani ya miezi michache tuliiona bahari kutoka mlangoni. Nakumbuka wengine waliipenda. Shangazi yangu alisimama barazani, mkono kiunoni, akasema, "Leo na sisi tuna nyumba ya ufukweni kama Wazungu." Tukacheka wote.

Safu ya kwanza ilianguka katika mabamvua mawili, yaani zile siku za mwezi maji yanapojaa kuliko kawaida. Hapo ndipo nilipochukua kamba ya baba. Nilifunga fundo kila pima moja, nikafunga ncha moja kwenye nguzo ya kisima, nikaivuta hadi ukingo ambapo ardhi ilikuwa imekatika. Ikawa pima ishirini na tatu. Niliandika katika daftari. Kila bamvua nililoweza kufika nyumbani nilipima tena. Miaka miwili na nusu baadaye kamba ilisoma pima kumi na mbili, na minazi thelathini na mmoja ilikuwa imelala. Wa thelathini na mmoja ulikuwa wangu.

Sikuwa na uwezo wa kuthibitisha kwamba ni mikoko peke yake. Siku hizi naelewa kwamba bahari yenyewe nayo inapanda, na kwamba mvua za vuli hazirudi kama zilivyokuwa. Wakati ule nilijua jambo moja tu: ukingo ulikaa mahali pamoja tangu enzi za babu, na ulianza kutembea mikoko ilipoondoka.

Magogo yalilala pale pale yalipoangukia. Gogo la mnazi ni zito na kwa kuni halifai, moshi mtupu. Watu walikalia, wakaanikia nyavu. Pwani nzima ya kijiji, mbele ya kila nyumba, ilikuwa imejaa magogo, mengine na mizizi yake imetazama juu kama nywele za mtu aliyeamshwa ghafla.

Siku moja dukani nilikuwa nafungia mteja nusu kilo ya misumari ya inchi tatu nikaona tangazo. Serikali ilikuwa inaandaa mpango wa mikoko ya pwani yote, na wananchi waliombwa kutoa maoni. Nikamfungia mteja kwa karatasi nyingine. Gazeti lilikuwa la miezi minne nyuma na siku ya mwisho ya maoni ilikuwa imeshapita. Niliandika hata hivyo. Jumamosi nilikwenda nyumbani, nikapita kila nyumba yenye pwani, nikaandika jina la mwenye shamba, idadi ya minazi iliyoanguka, safu yake na mwaka aliozaliwa mtoto kama ulikuwa mnazi wa kitovu. Barua ilikuwa na kurasa tisa. Mwishoni tuliomba mawili: mikoko iliyobaki mbele yetu isikatwe, na aliyepewa leseni awalipe walioangushiwa minazi, ili wahamie juu.

Hilo la kuhamia juu kwa mama lilikuwa na bei. Mzee mmoja alikuwa na kiwanja upande wa pili wa barabara, ardhi nyekundu, ya juu, akakubali kumwachia kwa shilingi laki moja. Fidia iliyojulikana ofisini wakati ule kwa mnazi unaozaa ilikuwa shilingi elfu nne. Nilimfanyia mama hesabu kwenye kifuniko cha daftari: minazi thelathini na mmoja, laki moja na elfu ishirini na nne. Kiwanja laki moja. Ishirini na nne ya kubomoa nyumba na kuisimamisha upya. Mama hakujua kusoma, lakini alikichana kile kifuniko akakiweka chini ya mkeka wake.

Jibu lilikuja. Afisa mmoja atafika kuhakiki, siku fulani, saa nne asubuhi. Niliipeleka barua kwa mwenyekiti wa kijiji, nikaisoma mbele ya wajumbe wa kamati barazani kwake. Waliniomba niirudie. Mwenyekiti alikuwa mtu mchangamfu aliyewahi kupokea mwenge wa Uhuru kijijini na hakuacha kulieleza.

"Hatujapata mgeni wa serikali tangu mwaka ule wa mwenge," alisema. "Tusiaibike."

"Hatutaaibika, Mwenyekiti," nikasema. "Muwe tayari tu."

Nilirudi mjini jioni ileile kwa sababu tajiri wangu wa dukani hakunipa ruhusa zaidi ya siku moja. Neno hilo, muwe tayari, nimelifikiria sana tangu siku ile. Mtu aliyetumia miaka miwili na nusu kufunga mafundo kwenye kamba hakutumia dakika moja kueleza kuwa tayari ni kufanya nini.

Basi nilipanda baiskeli tena nikaufuata ule moshi.

Kijiji kilikuwa kizuri. Sijawahi kukiona kizuri vile, kabla wala baadaye. Njia ilikuwa imefagiliwa, na mistari ya mafagio ilionekana kwenye mchanga kama mchoro. Mawe yalikuwa yamepakwa chokaa pande mbili hadi kwa mwenyekiti. Banda la makuti mapya lilikuwa limesimamishwa, na chini yake kulikuwa na viti vitatu na kitambaa cha meza. Na pwani, pwani yote, kuanzia kijito hadi msikiti, ilikuwa nyeupe na tupu.

Wanawake walikuwa wanamalizia kuchoma makuti na takataka. Shangazi aliniona wa kwanza, uso umejaa majivu.

"Mtaalamu wetu huyo! Njoo uone. Utalala hapa ukidhani ni kitandani."

"Magogo yako wapi, shangazi?"

"Magogo gani tena? Tumefanya msaragambo siku mbili, kijiji kizima. Wanaume wamebiringisha, bamvua likachukua. Jana jioni la mwisho lile, la kwa kina jirani, limekwenda linacheza kama mtu mlevi." Akacheka, akajipangusa. "Na mashimo tumefukia. Mgeni asije akatumbukia mguu."

Nilitembea hadi ukingoni. Mbali kidogo ndani ya maji niliona kitu cheusi kikipanda na kushuka, kisha nacho sikukiona.

Sikuwalaumu wakati ule, wala sasa siwalaumu. Tangu tupate akili, mtu wa serikali alikuja kwetu kwa kazi moja tu, kutazama kama tu safi. Bwana afya alikagua vyoo, na mwenye choo kichafu alilipa faini. Mwenge ulipopita tulifagia. Mkuu wa wilaya alipopita na gari bila kusimama tulikuwa tumefagia. Kumwonyesha mgeni uchafu wako, kumpitisha katikati ya magogo na mizizi, kungekuwa tusi kwake na kwetu. Walifanya kwa heshima, na walifanya vizuri sana.

Bwana misitu alifika saa nne na dakika kumi, kwa pikipiki. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, viatu vimetiwa rangi. Aliwaamkia wazee shikamoo mmoja mmoja, akanywa dafu, akasifu banda. Kisha akafungua mkoba akatoa fomu.

"Kijiji chenu ni kisafi, Mwenyekiti. Hongereni."

"Ni kawaida yetu, bwana mkubwa," mwenyekiti alisema, na kifua kikapanda.

"Sasa ile minazi iliyoanguka, iko wapi?"

Mwenyekiti alitabasamu. Alidhani ni mzaha. "Tumeiondoa, bwana mkubwa. Isikukwaze."

Bwana misitu alimtazama, akaitazama pwani, akanitazama mimi niliyekuwa na daftari mkononi. Naamini alielewa mara moja. Alivua kofia akaishika.

"Yote?"

"Yote," mwenyekiti alisema, na safari hii sauti yake haikuwa na kifua.

Nilimpa daftari. Alisoma kurasa nne au tano kwa makini, akauliza habari za kamba, nikaileta. Alihesabu mafundo kwa kidole. "Hii ni kazi nzuri," aliniambia. "Lakini mimi nimetumwa kuhesabu miti. Fomu ina nafasi ya mti uliosimama na nafasi ya mti ulioanguka unaoonekana. Ya daftari haina."

"Waulize watu wote hapa," shangazi alisema kutoka nyuma. "Kila mtu anajua mnazi wake ulikuwa wapi."

"Nakuamini, mama. Nikiandika kwamba nakuamini, mjini watanicheka."

"Sasa wakucheke wewe mmoja au tulie sisi wote, lipi afadhali?"

Watu walicheka, naye akacheka kidogo, lakini kalamu haikugusa karatasi.

Mama alikuwa amekaa chini pembeni ya banda, kanga imefunika kichwa, kifuniko cha daftari mkononi. Aliinuka akajipangusa mchanga.

"Upo mmoja," alisema. "Twende."

Tulimfuata, mimi, bwana misitu, mwenyekiti na nusu ya kijiji. Nyuma ya nyumba yetu, penye jiko, kulikuwa na lundo la makuti. Mama alianza kuyaondoa moja moja. Chini yake kulikuwa na gogo zima, na mizizi yake, na ule mpindo wa chini uliosuguliwa ukang'aa na suruali zangu za utotoni.

"Huu waliutaka nao," mama alimwambia bwana misitu. "Nikakataa. Wakaniambia nachafua kijiji. Nikawaambia basi niusogezeni huku nyuma. Wanaume wanane wameuvuta hadi hapa, wananitukana njia nzima."

"Kwa nini huu, mama?"

"Ni wa huyu." Alininyooshea kidole bila kunitazama. "Kitovu chake kiko humu kwenye mizizi. Wale wenzake wawili wako na Mungu, minazi yao niliiachia ikaenda. Huyu yupo hai, anakula, anavaa saa. Nimtupe baharini?"

Bwana misitu alitoa tepe, akapima urefu na unene, akauliza umri. Mama alimtajia umri wangu. Aliandika kwa herufi kubwa, nami niliona juu ya bega lake: minazi iliyoanguka, kijiji kizima, mmoja.

Alipomaliza alituambia kungekuwa na mkutano wa maoni mjini, katika ukumbi mmoja Usagara, na kwamba mkutano si fomu, pale mtu anaweza kusema. Tulikwenda wanne, mwenyekiti, shangazi, mama na mimi. Ukumbi ulikuwa na mapangaboi mawili, moja likifanya kazi. Watu walikuwa wametoka vijiji vingi vya pwani, na walipoanza kusema niligundua kuwa habari yetu haikuwa yetu peke yetu. Mmoja kisima chake kilikuwa kimeingia chumvi. Mwingine jaruba lake la mpunga lilikuwa halioti hata nyasi.

Afisa aliyekuwa mbele alisoma rasimu. Ilisema kwamba mikoko ni mali ya taifa, na ni marufuku kwa mwananchi yeyote kukata hata fito bila kibali. Mama aliinua mkono. Nilimshika kanga ili nimkumbushe tulichopanga kusema, akaivuta.

"Mwanangu," alimwambia afisa, "mimi nimekata mikoko mara mbili maishani. Mara ya kwanza nilipoolewa, boriti sita za nyumba. Mara ya pili nyumba ilipoanza kuoza, boriti nne. Huyo mwenye leseni alikata kwa msumeno kutwa kucha, na lori likabeba. Sasa marufuku hii umeniandikia mimi?"

"Ni ya wote, mama."

"Yeye ameshamaliza kukata. Amebaki nani wa kukatazwa?"

Ukumbi ulipiga makofi. Afisa alingoja.

"Na jingine," mama alisema. "Bahari inamfuata nani? Haikwenda kwake mjini kubisha hodi. Imekuja kwangu. Mimi nisiyekata ndiye ninayehama, na nauli ya kuhama najitafutia. Andikeni hilo. Aliyefungulia maji mlango ndiye amlipie anayelowa."

"Fidia imefanyiwa uhakiki, mama. Kijiji chenu..." Alipekua karatasi. "Kijiji chenu kina mnazi mmoja."

Watu wa vijiji vingine walicheka. Shangazi akasimama, nguo zake za Idi mwilini, akawageukia.

"Chekeni!" Kisha akamgeukia afisa. "Sisi tulifagia kwa sababu tulimheshimu mtu wenu. Mwakani tukisikia mnakuja tutawamwagia taka njiani, mkwae vizuri, ndiyo mjue tuna shida."

Hata afisa alicheka. Lakini aliandika, kwa muda mrefu, na mama hakukaa hadi alipomwona ameweka kalamu chini.

Mpango ulipotoka nilinunua nakala. Marufuku ilibaki. Iliongezwa sentensi moja kwamba vijiji vishirikishwe kabla ya leseni ya kufyeka kutolewa, na leseni ya mdomo wa kijito chetu haikutolewa tena. Siwezi kusema ni sisi. Mwenye shamba la chumvi alikuwa ameshahamia biashara ya mitumba, na ningekuwa naongopa nikidai kwamba najua kipi kilitangulia. Juu ya aliyelowa, na nani amlipie, haikuandikwa chochote.

Fidia ya mama ililipwa ofisini, kwa dole gumba. Elfu nne, ya mnazi mmoja. Nilimwambia aiweke, tuanzie hapo kukusanya bei ya kiwanja. Kesho yake alinituma sokoni Ngamiani nilete sukari, unga wa ngano na mafuta, na akakaanga maandazi kutwa nzima kwa ajili ya kila nyumba iliyokuwa na jina katika daftari langu. "Wote walipoteza, nimelipwa mimi," alisema. "Nitaila vipi peke yangu na wananiona?" Walikuja, wakakalia lile gogo langu nyuma ya nyumba, wakanywa chai na kumtania, wakimwita mwenye mnazi wa serikali. Harufu ya mafuta na makuti makavu ya siku ile bado naijua nikifumba macho, na sauti ya mwenyekiti akiapa kwamba hatashika fagio tena maishani.

Kiwanja cha juu kilinunuliwa na mtu mwingine mwaka uliofuata. Mama alikaa pale chini, na minazi tisa, kisha sita, kisha miwili. Jiko lilipokwenda na maji nilimleta Ngamiani, chumba cha uani, tukapika kwa nazi za kununua. Kila alipokuna nazi alikuwa anaigonga, anasikiliza, anasema, "Hii haijui kwao." Alifia humo, na hakuwa amezoea.

Nimekuwa mtu mzima, na mambo haya yamepata jina, mabadiliko ya tabianchi, na semina, na maji ya chupa mezani. Wakati mwingine naalikwa nikiwa mwakilishi wa vijiji, kwa ajili ya daftari zangu. Tunadai sasa kwamba hasara ya watu wa pwani ipimwe kwa kumbukumbu zao pia, si kwa kinachoonekana siku mgeni anapokuja tu, na kwamba alipe aliyefaidika. Ni madai yaleyale ya mama, kwa maneno marefu zaidi. Lakini nikifika kijiji chochote kabla ya wakaguzi, jambo la kwanza nawaambia wasifagie. Wananishangaa. Wengine hufagia hata hivyo.

Kifuniko cha daftari nilikikuta chini ya mkeka wake, katika chumba cha Ngamiani, penseli imefifia lakini inasomeka. Nilichukua kalamu nikamalizia ile hesabu, kwa kuwa sipendi hesabu isiyofungwa. Minazi thelathini na mmoja, laki moja na elfu ishirini na nne. Kilicholipwa, elfu nne. Kilichochukuliwa na bamvua tukikishangilia, shilingi laki moja na elfu ishirini.